Kiwanda kilicholifuata jani hadi Kimulot

Na MWANDISHI WETU

UMEWAHI kujiuliza, msomaji, kwa nini kiwanda cha chai hakijengwi Nairobi, ambako kuna barabara pana, benki, na vijana wengi wanaotafuta kazi? Kwa nini mitambo ya mamilioni ya pesa ipandishwe milimani, kwenye udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hata gari la magurudumu manne hutapatapa?

Jibu lake ni fupi, na ukilielewa utakuwa umeielewa historia ya Kimulot na ya vijiji vyote vya chai vya Kericho na Bomet. Jani la chai halina subira.

Chukua mfano wa chokoleti, ambayo bila shaka watoto wako wanaipenda. Chokoleti hutokana na mbegu za kakao. Mkulima wa Kyela, kusini mwa Tanzania, au wa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, hulipasua tunda, akaziacha mbegu zichachuke kwa siku kadhaa, kisha akazianika juani. Zikishakauka, hutiwa kwenye magunia na kusafirishwa baharini kwa majuma mengi bila ya kuharibika. Ndiyo sababu viwanda mashuhuri vya chokoleti vilijengwa mbali na mkakao. Ndugu wa Cadbury walikijenga chao Bournville, karibu na Birmingham, Uingereza, mnamo 1879, mahali ambapo mkakao hauoti hata ukibembelezwa. Mkulima akabaki na jembe huku kwetu, kiwanda kikabaki Ulaya.

Chai haikuukubali mpango huo. Jani likishachumwa huanza kubadilika papo hapo. Likishindiliwa katika gunia hupata joto, huwa jekundu na kuharibika. Linatakiwa kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini hawakuwa wakizungumzia majani chai. Basi yeyote aliyeitaka chai ya Kericho, awe tajiri wa London au mkulima wa ekari moja, ilimlazimu kukileta kiwanda shambani.

Twende basi tukalione shamba lenyewe.

SAFARI YA KUPANDA

Kutoka Nairobi hadi mji wa Kericho ni mwendo wa kilomita 260 hivi. Unapita Naivasha na Nakuru, unapanda hadi njia panda ya Mau Summit, na hapo unashika mkono wa kushoto. Baada ya mahindi na misitu ya miti ya kupandwa, utaona ghafla kana kwamba mtu ametandaza zulia la kijani juu ya vilima. Hapo ndipo watoto walio kwenye kiti cha nyuma huacha kugombana na kubandika nyuso zao kwenye vioo.

Mji wa Kericho una mengi ya kukushughulisha kwa nusu siku. Ipo Tea Hotel, iliyojengwa miaka ya 1950 na kampuni ya Brooke Bond, na lipo Kanisa Kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa 2015, ambalo paa lake refu huonekana kutoka mbali. Lakini usilale hapo. Shika barabara ya kwenda Litein na Sotik, kisha uiache lami kuu na kuelekea mashariki, upande uliko Msitu wa Mau. Sasa umeingia Konoin, katika Kaunti ya Bomet, na Kimulot ni mojawapo ya wadi zake. Zamani sehemu hizi zote zilikuwa Wilaya ya Kericho, mpaka Bomet ilipokatwa na kufanywa wilaya yake yenyewe mwaka 1992.

Kimulot si mahali pa maghorofa. Ni nchi ya vilima, mabonde yenye vijito, nyumba za mabati zilizozungukwa na michai, ng'ombe wawili watatu wa maziwa, na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria. Ukiamkia mtu, mwambie, "Chamgei!" Naye atakujibu kwa furaha, maana mgeni anayejaribu Kikipsigis huhesabiwa kuwa mtu wa heshima. Ukipewa mursik, maziwa ya mgando yaliyohifadhiwa katika kibuyu kilichopakwa unga wa mkaa, usikatae. Kunywa, kisha sema, "Kongoi," yaani asante.

Asubuhi utaikuta ni angavu na ya baridi. Ifikapo saa nane au saa tisa mchana, mawingu hujikusanya. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda hizi, ambazo ziko kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipoa huko juu huangusha mvua. Eneo la Kericho hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi yake huja mchana. Ndiyo inayoipendeza chai, kwani mmea huu unataka mvua iliyotawanyika mwaka mzima na udongo wenye asidi kiasi, kama huu mwekundu uliotokana na volkano za kale.

Lakini mbingu hizo hizo humtia mkulima hasara. Wataalamu wa hali ya hewa wameitaja Kericho kuwa miongoni mwa mahali panapopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Dakika kumi za mawe hutosha kuyatoboa na kuyapukutisha machipukizi ambayo mkulima aliyasubiri kwa juma zima au mawili.

KITANI KILICHOSHINDWA

Huenda ukadhani, msomaji, kwamba chai imekuwapo hapa tangu enzi na enzi. La hasha. Katika Kenya yote mchai ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1903, huko Limuru, kwa mbegu zilizotoka India. Nchi hii ya Kericho ilikuwa ya Wakipsigis, ya malisho, wimbi na misitu.

Serikali ya kikoloni, kwa sheria zake za ardhi za 1902 na 1915, ilijitwalia mamlaka ya kuwagawia walowezi nchi hiyo. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani walipewa sehemu kubwa, kama ekari 25,000, karibu na Kericho, walime kwa ushirika. Zao walilolichagua halikuwa chai. Lilikuwa kitani, mmea ambao nyuzi zake hufumwa vitambaa. Wakati wa vita kitani kilikuwa na bei kubwa. Vita vilipokwisha bei ikaporomoka, barabara hazikuwa za kutegemewa, na mpango mzima ukafilisika katika miaka michache tu.

Hapo ndipo walipoingia wenye fedha. Katikati ya miaka ya 1920, James Finlay, kampuni ya Uskochi iliyoanzishwa Glasgow mwaka 1750, iliichukua ardhi hiyo kwa jina la African Highlands Produce Company. Brooke Bond, kampuni ya Kiingereza iliyokwisha kuanza Limuru mwaka 1924, nayo ikaja Kericho. Zote mbili zilikuwa na ujuzi wa chai ya India, na zote mbili zilifahamu kanuni tuliyoitaja mwanzo: panda michai, na katikati yake jenga kiwanda.

Kila kiwanda kilizaa kijiji chake. Wachumaji walihitaji mahali pa kulala, kwa hiyo zikajengwa safu za nyumba ndogo ndogo. Watoto wakahitaji shule, wagonjwa wakahitaji zahanati. Tanuri zikahitaji kuni, basi vilima vizima vikapandwa mikaratusi. Wafanyakazi walitoka Nyanza, Kisii na nchi ya Waluhya. Ndiyo maana hata leo ukitembea katika mashamba makubwa utasikia lugha nne au tano, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote.

Maisha hayo ya pamoja yana makovu yake. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi waliotoka jamii nyingine walivamiwa katika makazi yao kwenye mashamba ya Kericho, baadhi yao wakauawa na wengi wakakimbia. Ni jambo ambalo mgeni hapaswi kulisahau anapoyapiga picha majani ya kijani.

MWAFRIKA MARUFUKU

Sasa fikiri juu ya ajabu hii. Kwa zaidi ya miaka 20, Mkipsigis aliruhusiwa kuchuma chai, kuibeba, kuipalilia na hata kuinywa, lakini hakuruhusiwa kuipanda katika shamba lake. Wakoloni walidai kwamba mkulima mdogo angeharibu ubora na kueneza magonjwa. Ukweli mwingine ambao hawakuutangaza ni kwamba mtu mwenye zao lake la biashara haendi kutafuta kibarua katika shamba la mwingine.

Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950. Mpango wa kilimo ulioandikwa na Roger Swynnerton mwaka 1954, wakati wa vita vya Mau Mau, ulipendekeza Waafrika wapewe hati za ardhi na waruhusiwe kulima mazao ya biashara. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo, Ragati, kilijengwa Nyeri mwaka 1957. Mwaka 1960 ikaundwa mamlaka ya kuendeleza mazao hayo, na mwaka 1964, nchi ikiwa huru, ikazaliwa KTDA, ambayo kila mzee wa Konoin huitaja kama anayemtaja jamaa wa nyumbani.

Wengi walisema jaribio hilo halitafaulu. Lingewezekanaje? Kampuni ina shamba moja, mnyapara mmoja na lori linalopita penye barabara yake yenyewe. KTDA ilikuwa na maelfu ya wakulima waliotawanyika, huyu ana nusu ekari, yule ana ekari mbili. Ufumbuzi wake ulikuwa wa kawaida lakini wa busara. Palijengwa vibanda vya kupokelea majani karibu na wakulima, lori likapangiwa zamu ya kuvipitia, na kila kilo ikapimwa na kuandikwa kwa namba ya mkulima. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia na ya shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola, viwanda vikaongezeka kimoja baada ya kingine.

Katika Konoin yenyewe wakulima wa Kimulot na majirani zao wana viwanda kama Mogogosiek na Kapset. Hivi si mali ya Mzungu wala ya serikali. Mwaka 2000 KTDA ilibinafsishwa, na kila kiwanda kikawa kampuni ambayo wakulima wake ndio wenye hisa na ndio wanaowachagua wakurugenzi. Leo wakulima wadogo wa Kenya wanazidi 600,000, nao ndio wanaotoa zaidi ya nusu ya chai ya nchi. Wale walioambiwa wangeharibu ubora!

NDANI YA KIWANDA

Ukipata ruhusa ya kuingia, utavalishwa koti jeupe na kofia, na utaambiwa uvue saa na pete. Harufu itakupokea mlangoni. Inafanana na ya nyasi zilizokatwa karibuni, zikachanganywa na matunda yaliyoiva.

Kazi huanza shambani. Mchumaji huchagua majani mawili na chipukizi lililo katikati yake, basi. Jani lililokomaa hukakamaa na halitoi chai nzuri. Hurudi kwenye kichaka kile kile kila baada ya siku saba hadi 14. Mchai ukiachwa ungekuwa mti wa kupita paa la nyumba, lakini hupogolewa kila baada ya miaka mitatu au minne ubaki kimo cha kiuno, na juu yake pawe sawa kama meza.

Kiwandani majani humwagwa katika vihori virefu vyenye nyavu, na mapangaboi huyapulizia hewa kutoka chini. Huko hukaa kwa saa 12 hadi 18 yanyauke. Hupoteza maji, yakawa laini kama kitambaa, yasivunjike yakikunjwa.

Hatua ya pili ina kelele nyingi. Majani hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yenye meno, yanayozunguka kwa mwendo tofauti. Huyakata, huyararua na kuyakunja kuwa chembechembe. Mtambo huo ulibuniwa Assam, India, mwaka 1930 na William McKercher, na ndio unaojulikana kwa herufi tatu, CTC. Chai inayopatikana kwa njia hii hutoa rangi upesi na kwa wingi, ndiyo maana inastahimili maziwa. Akina mama wanaochemsha maji, maziwa na majani katika sufuria moja wanajua ninachosema.

Hatua ya tatu ndiyo ya maajabu. Chembe zile mbichi, za kijani kibichi, hupitishwa polepole penye hewa. Kwa muda wa saa moja hivi hadi mbili, zinageuka rangi mbele ya macho yako, kutoka kijani hadi ile ya sarafu ya shaba. Wafanyakazi husema chai inachachuka. Wanafunzi wa sayansi watambue kwamba hapa hakuna hamira wala vijidudu. Oksijeni ya hewani inakutana na maji ya jani lililopasuliwa, jinsi tufaha au ndizi inavyokuwa ya hudhurungi ukiimenya na kuiacha. Ladha na rangi ya chai huzaliwa hapa. Ikizidishwa dakika chache chai hupooza, ikipunguzwa huwa na ukali wa majani mabichi.

Ndipo inaingizwa katika kikaushio chenye hewa ya moto, inayotokana na tanuri za kuni, mpaka unyevu ubaki asilimia tatu tu. Mwisho huchekechwa na kutengwa kwa madaraja, kuanzia chembe kubwa zinazoitwa BP1, zikifuatwa na PF1, mpaka vumbi jembamba. Na ukipima utashangaa: kilo 100 za majani mabichi hutoa kama kilo 22 au 23 tu za chai. Kikapu kizito kilichomwinamisha mama wa Kimulot asubuhi nzima hurudi kuwa pakiti chache.

SAFARI YA KUSHUKA

Chai ikishafungwa katika mifuko mikubwa ya karatasi ngumu, huteremshwa hadi Mombasa. Mnada wa chai ulianzia Nairobi mwaka 1956 na ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969. Leo chai ya Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine jirani pia huuzwa hapo, tena kwa dola. Kabla ya mnada, waonjaji hupanga vikombe kwa safu, hufyonza kijiko kwa kelele, huonja na kutema. Kwa ulimi wao mkulima ambaye hawajapata kumwona huamuliwa riziki.

Kenya ndiyo inayouza chai nyeusi nyingi zaidi katika nchi za nje kuliko taifa lolote duniani. Mwaka 2023 ilizalisha kilo milioni 570 hivi. Pakistan ndiye mnunuzi mkubwa, akifuatwa na wengine kama Misri na Uingereza.

Lakini hapa, msomaji, tukumbuke ile kakao. Jani lilikilazimisha kiwanda kuja Kimulot, ndiyo, kwa kuwa jani bichi halisubiri. Chai iliyokauka inaweza kusubiri. Kwa hiyo sehemu kubwa huondoka nchini ikiwa katika mifuko mikubwa, bila jina la kijiji chochote. Huko iendako huchanganywa na chai za nchi nyingine, hutiwa katika vijifuko vidogo, hupewa jina na sanduku la kuvutia, na hapo ndipo bei yake inapopanda. Kazi ya jasho imebaki kwetu; ile ya jina na sanduku imekwenda kule kule ilikokwenda chokoleti.

MADENI YASIYOKWISHA

Mkulima wa Kimulot hulipwa mara mbili. Kila mwezi hupata malipo ya mwanzo kwa kila kilo aliyoipeleka, na mwaka wa hesabu ukimalizika hupata bonasi. Bonasi hiyo ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo deni la dukani. Na hapo ndipo penye manung'uniko ya kila mwaka, kwani viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa, Kericho na Bomet vikiwemo, kwa kawaida hulipa bonasi ndogo kuliko vile vya mashariki, karibu na Mlima Kenya. Wengine hutaja ubora wa majani, wengine gharama za viwanda, wengine shehena zinazokaa ghalani bila mnunuzi. Mkulima aliyechoka kungoja huwauzia wanunuzi wa pembeni wanaolipa taslimu, na kiwanda chake mwenyewe kikakosa majani.

Deni la pili ni la ardhi. Ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa dini wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o. Wengi walikaa huko mpaka karibu na uhuru. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ya Kenya ilikubali kwamba watu wa Kericho walitendewa dhuluma. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaitaka Uingereza iwajibike. Na mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai wakapeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Wakati huo huo mashamba makubwa yamebadilisha mikono. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Unilever nayo ikauza biashara yake ya chai mwaka 2022. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mashamba ya James Finlay ya Kenya yananunuliwa na Browns Investments ya Sri Lanka, na asilimia 15 ya hisa ikapangiwa ushirika wa Kipsigis Highlands. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba Browns inayachukua pia yale yaliyokuwa ya Unilever. Wakipsigis kupitia ushirika wao wamepangiwa sehemu, ingawa ndogo, katika viwanda vilivyosimama juu ya nchi ya babu zao. Wapo wanaosema ni mwanzo mwema. Wapo wanaouliza, asilimia 85 je?

Deni la tatu ni la mikono. Mashine za kuchuma zimekwisha kuingia katika mashamba makubwa. Mashine moja hufanya kazi ya wachumaji wengi, haiugui na haidai nyumba. Kampuni husema bila hiyo haziwezi kushindana katika soko la dunia. Wachumaji husema bila kazi hiyo watoto wao watalala njaa. Mwezi wa Mei 2023 hasira zililipuka, na mashine kadhaa zikachomwa moto Kericho. Moto huo haukulijibu swali. Shamba linaweza kuchumwa bila watu, lakini kijiji kilichozaliwa na kiwanda, pamoja na shule yake, duka lake na timu yake ya mpira, kitaishi kwa nini?

UKITAKA KWENDA

Familia yenye nia ya kwenda isiogope gharama. Siku mbili zinatosha. Beba sweta, koti la mvua na viatu vya kufunika, hata kama Nairobi kuna jua kali. Anza matembezi mapema asubuhi kabla mvua haijafika. Kiwanda si mahali pa kuingia kama sokoni. Mwandikie meneja barua mapema, na kama ni shule, taja idadi ya wanafunzi na madarasa yao. Usimpige mchumaji picha bila ya kumwomba. Analipwa kwa kilo, na dakika anazosimama kwa ajili yako zinamkata mshahara.

Ukiwa kwenye kilima chochote cha Kimulot jioni, mvua ikishakatika, waonyeshe watoto mahali shamba linapokoma na Msitu wa Mau unapoanza. Mnamo 1986 serikali ilianzisha shirika la Nyayo Tea Zones ili lipande ukanda wa chai kando ya misitu, uwe kama ukuta wa kuizuia isivamiwe. Waambie kwamba vijito vya vilima hivi huungana kuwa Mto Sondu na kumwaga maji katika Ziwa Victoria, na kwamba msitu ule ukiisha, mvua ya saa tisa haitakuja, michai haitachipua, na kiwanda kitabaki mabati matupu.

Kisha, kabla hamjaondoka, ulizia chai inayouzwa na kiwanda chenyewe. Chagua pakiti, igeuze, na umwache mtoto wako mkubwa asome kwa sauti ni wapi ilichumwa na ni wapi ilifungwa. Mahali hapo pawili vikiwa na jina moja, nunua mbili.